Paka wananiamsha saa kumi za usiku: nitapataje usingizi bila kuwafukuza?

Mwalimu wa Chumbageni anauliza:

Assalamu alaykum na heri kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Tanga mjini pamoja na mke wangu katika nyumba ya vyumba viwili, na tunafuga paka wawili. Dume ana umri wa miaka minne na tunamwita Simsim kwa sababu ya rangi yake; tulimpata akiwa tayari amehasiwa. Jike, Kibibi, hajatimiza miezi minane. Tuliwachukua kwa ajili ya panya waliokuwa wakitoboa magunia ya mchele stoo, na kwa upande huo sina lawama hata kidogo, maana tangu waingie hatujamwona panya aliye hai, isipokuwa yule mmoja ambaye Kibibi alimleta mwenyewe mpaka kitandani.

Tatizo langu ni usiku. Kila siku, ikikaribia saa kumi, Simsim huanza kazi. Kwanza hukaa nje ya chandarua, usawa wa kichwa changu, akalia kwa sauti ndogo kama mgeni anayepiga hodi kwa adabu. Nisipoitika, hupenyeza mkono chini ya pindo la chandarua na kunigusa shavu kwa kiganja laini, kucha zikiwa zimefichwa. Nikimpa kisogo huzunguka kitanda, na safari hii hutoa ukucha mmoja, mmoja tu, akaupitisha taratibu ukingoni mwa sikio langu. Nikiendelea kujifanya maiti, hupanda chandarua chenyewe mpaka juu, Kibibi naye humfuata, na hapo kamba hukatika tukafunikwa sote wanne. Mwezi huu nimezifunga upya kamba hizo mara tatu.

Chandarua hicho mke wangu alipewa kliniki, kwa kuwa ni mjamzito wa miezi mitano, na sasa kina matundu mawili yanayoweza kupitisha ngumi. Hali ya mbu wa mji wetu mnaijua. Yeye mwenyewe usingizi wake umekuwa mwepesi tangu apate mimba, na akishaamshwa saa kumi halali tena mpaka kunakucha. Juzi aliniambia, kwa upole ulionitisha kuliko ukali, kwamba anaweza kwenda kulala kwa mama yake Pangani mpaka atakapojifungua, nami nibaki na hao wenzangu.

Ili mnisaidie vizuri, naomba niieleze ratiba yetu. Mimi huamka saa kumi na moja kasorobo kwa ajili ya swala ya alfajiri, na kabla ya kutoka huwapa dagaa wa kuchemsha, kwa sababu wasipopewa hunifuata mpaka mlangoni wakilia. Jioni, mnamo saa kumi na mbili, hula mabaki ya chakula chetu. Mchana kutwa hulala juu ya kabati. Nimejaribu kuwafungia sebuleni nikashindwa: Simsim aliukwaruza mlango mpaka rangi ikatoka, na Kibibi akalia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, mrefu, kama wa mtoto aliyepotea sokoni, huku akijigaragaza sakafuni na kuinua kiuno. Alifanya hivyo kwa siku sita, kisha akanyamaza ghafla. Siku hizo hizo shume mmoja mwenye sikio lililochanika alihamia juu ya ukuta wetu na kumjibu.

Je, kuna mwenye kufuga paka ambaye hulala usiku mzima? Naye amefanyaje?

Mkaazi wa Mkunazini anajibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi nimefuga paka hapa Unguja tangu ningali msichana, na leo nina wajukuu, kwa hiyo naomba unisikilize ijapokuwa nitakuudhi kidogo. Simsim hana kosa. Umemfundisha mwenyewe, na amefuzu.

Tazama ulivyoandika. Unaamka, unashusha miguu, na jambo la kwanza unalolifanya hata kabla ya kutawadha ni kumpa dagaa. Basi kwa huyo paka, miguu yako ikigusa sakafu ndiyo dagaa wenyewe. Ungekuwa wewe ndiye mwenye njaa, na chakula chako kimefungwa kwenye miguu ya mtu aliyelala, usingemvuta ashuke mapema? Nina hakika kwamba mwanzoni alikuamsha saa kumi na moja kasoro dakika ishirini tu, ukaona si neno, ukaamka. Kisha akarudi nyuma dakika tano, na nyingine tano, mpaka mmefika hapo mlipo, na usipofanya kitu mtafika saa nane.

Mimi paka wangu huwalisha chakula kikubwa baada ya Isha, wala si magharibi. Kabla ya kuwalisha, nawachosha. Nikiwa barazani nasuka ukili, huchukua ukindu mmoja mrefu, nikauvuta polepole juu ya mkeka, nikauficha nyuma ya mto, nikauchomoza ncha tu. Paka aliyelala kutwa nzima huamka macho yakawa meusi yote. Nawarusha hivyo mpaka wajitupe chini na kuhema, na ni lazima mara kwa mara niwaache waukamate, kwa sababu paka asiyekamata kitu hulala na hasira. Baada ya hapo ndipo ninapowawekea samaki wa kuchemsha ambaye nimeshamtoa miiba. Wakishakula hujilamba kuanzia mikono mpaka mkia, na wakimaliza mkia hawana habari na mtu.

Jambo jingine: mpe mahali pake. Mimi niliweka kikapu kikuukuu juu ya sanduku, ndani yake kanga ambayo nimeivaa na sijaifua. Paka hupenda pawe juu, pawe na joto, na pawe na harufu ya mwenyewe. Ukimfukuza kitandani bila kumwonyesha pa kwenda, atarudi kitandani.

Ukali haufai kitu, na hili nalisema kwa kuwa nimelijaribu. Mwaka mmoja nilimrushia paka kandambili gizani. Kandambili ikavunja chupa ya chai. Kesho yake, saa ile ile, paka alikuwepo.

Mwalimu wa Chumbageni:

Shikamoo Bibi, na ahsante sana. Nimecheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu ni kweli kabisa kwamba mwanzoni ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Sikuwahi kuona kwamba wakati ulikuwa unarudi nyuma. Shida yangu ni kwamba swala siwezi kuiacha ili paka asahau, na nikiamka lazima anione.

Jirani Aliyechoka anajibu:

Sioni kwa nini jambo hili linahitaji maelezo marefu kiasi hiki. Paka ni mnyama wa nje. Kwetu sisi hulala jikoni kwenye majivu ya moto, mlango wa nyumba unafungwa kwa komeo, na hakuna aliyewahi kukosa usingizi. Mke mjamzito ni muhimu kuliko paka wawili. Watoe nje, walie wiki moja, watazoea.

Daktari wa Mifugo, Morogoro anajibu:

Ndugu Mwalimu, nitaanza na Kibibi, kwa sababu katika maelezo yako yeye ndiye aliyenishtua zaidi. Ule mlio mrefu, kujigaragaza, kuinua kiuno na kuja kwa shume ukutani ni dalili za jike aliyekuwa kwenye joto, yaani aliyekuwa anatafuta dume. Hali hiyo huchukua takribani wiki moja, na jike asipopandwa hurudi tena baada ya wiki mbili au tatu. Katika nchi zenye majira ya baridi, mchana unapofupika majike hupumzika miezi kadhaa, lakini kwetu ambako mchana ni wa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, hakuna mapumziko ya kutegemea. Kwa hiyo hata ukimnyoosha Simsim kwa mbinu zote za dunia, Kibibi atakuamsha karibu kila mwezi mpaka afungwe uzazi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliye karibu nawe, ikiwezekana wakati joto limepita, kwa sababu wakati wa joto viungo vya uzazi huwa na damu nyingi na upasuaji huwa mgumu zaidi. Kama kuna usiku wowote alipata upenyo wa kutoka, mwambie daktari pia, kwani mimba ya paka ni ya takribani wiki tisa tu.

Sasa Simsim. Bibi wa Mkunazini amesema kweli, nami nitaongeza sababu yake. Paka si mnyama wa usiku kama popo wala wa mchana kama kuku. Mwili wake umeumbwa uchangamke zaidi wakati wa machweo na mapambazuko, saa ambazo panya na ndege wadogo hutembea. Katika siku nzima hulala saa 12 hadi 16, lakini kwa vipande vifupi, na tumbo lake ni dogo, limezoea milo midogo midogo mingi, kila mlo ukubwa wa panya mmoja. Huyu wako hula saa kumi na mbili jioni, halafu hapati kitu kwa karibu saa kumi na moja. Njaa inamkuta saa ile ile ambayo mwili wake unamwambia ni wakati wa mawindo, na chakula kinatoka kwa mtu mmoja anayejulikana amelala wapi. Mlo wa usiku anaoushauri Bibi, ukitanguliwa na mchezo wa kuwinda, hufuata mpangilio ambao paka anao mwilini: huwinda, hula, hujisafisha, hulala.

Kuhusu swala: huna haja ya kumficha kwamba umeamka. Unachotakiwa kufanya ni kukata kamba iliyounganisha kuamka kwako na kula kwake. Amka, tawadha, toka, usimtazame wala usimsemeshe. Chakula kije baada ya kitu ambacho paka hawezi kukiharakisha hata afanye nini, nawe unacho tayari, kwa sababu hawezi kuiharakisha jamaa ya msikitini. Ukirudi, vua kanzu, kaa kidogo, kisha ligonge bakuli la bati kwa kijiko na umpe chakula. Baada ya muda atasubiri mlio wa bakuli, na mashavu yako yatapona.

Lakini nakuonya kwamba kabla ya kuacha atazidisha. Tabia ambayo imelipwa kwa muda mrefu, malipo yakikatwa, kwanza huongezeka nguvu: atalia zaidi, atapanda zaidi, atabuni mambo mapya. Usiku huo ndio wa kushinda au kushindwa, kwa sababu ukiamka ukampa dagaa katika kilele cha fujo, umemfundisha kwamba kiwango kinachotakiwa ni kile. Vibaya kuliko vyote ni kumpa leo na kumnyima kesho. Mcheza bahati nasibu aliyeshinda mara moja kati ya ishirini ndiye asiyeacha kucheza. Hata kumkaripia ni malipo, maana ameitwa jina lake na mtu ameamka.

Kuna paka anayelia usiku kwa ugonjwa, na huyo hafundishwi, hutibiwa. Dume anayeingia mchangani mara kwa mara, akajikamua, akalia na mkojo usitoke, apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo bila kusubiri asubuhi, kwa sababu mrija wake ukiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Paka mzee wa zaidi ya miaka kumi anayekula sana huku akikonda na kulia gizani huenda ana kasoro ya tezi ya shingoni, ile ambayo kwa binadamu ikivimba tunaiita rovu, au shinikizo la damu, au figo zimechoka. Simsim kwa umri wake na kwa usahihi wake wa saa hanipi wasiwasi huo. Naomba pia mtu yeyote asimpe paka dawa ya binadamu ili alale. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Nimewahi kuletewa paka wa namna hiyo, ufizi umegeuka rangi ya udongo, na mwenyewe analia kwamba alitaka tu amtulize.

Mwisho ni mama. Ugonjwa unaohofiwa kwa wajawazito hutokana na kijidudu kiitwacho toksoplazma, ambacho hutoka katika kinyesi cha paka aliyeambukizwa kwa kula panya au nyama mbichi, na ambacho kinapotoka hakiambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo mchanga utupwe kila siku, autupe Mwalimu na si mama, na mikono inawe. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa ni njia za kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko paka aliyelala miguuni. Chandarua kilichotoboka kinanitia hofu kubwa zaidi, maana malaria kwa mjamzito si jambo la kungoja paka afundishike. Shoneni matundu leo, na pindo lote lichomekwe chini ya godoro ili lisibaki pengo la kupitisha mkono wala sehemu inayoning'inia ya kupandia. Mkipata kipya, kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika, na paka wasikilalie wakati kinaanikwa, kwani viuatilifu vya jamii inayotumika katika vyandarua huwadhuru paka kuliko wanyama wengine. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ya viroboto ya kumpaka mbwa asipakwe paka kamwe.

Mkaazi wa Mkunazini:

Ahsante daktari. Nina neno kwa ndugu yetu Jirani Aliyechoka. Sikatai kwamba paka wa majivuni hulala vizuri, lakini paka huyo amezaliwa hapo. Kumtoa paka wa ndani aliyefikisha miaka minne na kumwacha na mashume wa mtaani na mbwa wa usiku si kumzoeza. Atarudi na jeraha la shingo lililotunga usaha, na utaamka kwa hilo. Sisi tumefundishwa, katika hadithi iliyopokewa na Abu Qatada, kwamba paka si najisi na kwamba ni katika wale wanaotuzunguka majumbani, na tumefundishwa pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Kumfungia chumba cha pili akiwa ameshiba, ana maji, ana mchanga na ana pa kulala, hakumo katika hayo. Mwalimu alishindwa kuwafungia kwa sababu aliwafungia wakiwa na njaa, tena mmoja wao akiwa na haja nyingine kabisa.

Jirani Aliyechoka:

Hilo la jeraha nalikubali, nimeliona. La komeo sijalikubali.

Mwana wa Pemba, Uingereza anajibu:

Nawasalimu kutoka Leicester, ambako ninaishi na paka mmoja mwenye mbavu pana na dhamiri nyembamba. Ninachotaka kuongeza ni kuhusu mwanga, kwa sababu huku nimejifunza kitu ambacho nyumbani nisingekiona. Kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, basi paka na binadamu hutumia saa moja. Huku, mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Majira ya joto yangu ya kwanza na paka huyu nilidhani amerogwa: kila wiki aliniamsha mapema kidogo, sambamba na jua. Nilipotundika pazia zito jeusi, akaanza kuchelewa kuniamsha kwa karibu saa nzima. Mwalimu, kama chumba chenu kina taa ya mtaani au ya jirani inayoingia dirishani, lizibeni dirisha hilo. Hata mama mjamzito atalala vizuri zaidi gizani.

Nilinunua pia kisanduku cha kulishia kinachojifungua chenyewe kwa saa iliyopangwa. Uzuri wake hauko kwenye mashine, uko kwenye kubadilisha nani anadaiwa. Zamani alinidai mimi. Sasa, ikikaribia saa kumi na mbili asubuhi, hutoka kitandani mwenyewe akaenda kukaa mbele ya kisanduku, mikono ameikunja kifuani, akakitazama kama abiria anayesubiri basi lililochelewa, nami hupata usingizi wa mwisho ambao ndio mtamu. Saa zinaporudishwa nyuma kila mwisho wa Oktoba, kama ilivyo desturi ya huku, hukidai kisanduku saa nzima kabla ya wakati, na hukaa wiki moja akiwa amenuna. Mfumo wa daktari wa bakuli la bati ni ule ule, bila betri.

Vizibo vya masikio sikushauri. Nilivivaa nikidhani nimemshinda, na alipoona sisikii, alinikalia usoni.

Mwalimu wa Chumbageni:

Ndugu zangu, nilitaka kuleta majibu baada ya siku chache, lakini sikuona haki kuleta ushindi ambao haujakomaa. Leo zimepita wiki tano.

Kibibi alifanyiwa upasuaji katika wiki ya pili, joto likiwa limepita, na daktari wa hapa alithibitisha kwamba hakuwa na mimba. Alikaa siku kumi akiwa mpole, na tangu hapo ule mlio haujarudi. Kama ningejua, ningelifanya hilo kwanza.

Kwa Simsim, jioni nilianza na kipande cha ukindu alichonitafutia mke wangu kwa msusi wa mikeka, na lazima nikiri kwamba mtu mzima mwenye madaftari ya kusahihisha anapotambaa sebuleni akivuta ukindu, mwanzoni hujiona mjinga. Sasa mke wangu ndiye anayeuvuta, akiwa amekaa kwenye kiti. Baada ya Isha hupewa samaki, hujilamba kwa karibu robo saa, halafu hupanda kwenye kikapu chenye kanga.

Usiku wa kwanza na wa pili hakuamini. Wa tatu alilia kuanzia saa kumi mpaka nilipotoka kwenda msikitini, na niliporudi alikuwa ameketi mlangoni bado analia, lakini nilivua kanzu na kukaa kama nilivyoagizwa. Usiku wa nne sitausahau. Alipoona chandarua hakina pindo la kuingilia wala pa kupandia, alipanda mezani akaanza kusukuma vitu chini kimoja kimoja, kwa zamu, akisikiliza baada ya kila kimoja: kalamu, funguo, miwani, kisha sanduku la chaki. Mimi na mke wangu tulikuwa tumelala chali gizani, tumeshikana mikono ili asiwepo wa kucheka. Tulivumilia.

Usiku wa sita nilianguka. Nilikuwa nimesahihisha mitihani hadi saa sita, na alipoanza saa kumi niliamka kama mlevi nikampa dagaa, nikarudi kulala bila hata kufikiri. Daktari alisema kweli: tulirudi mwanzo, tena tulilipa na riba, kwa sababu usiku wa saba na wa nane vilikuwa vibaya kuliko wa nne. Baada ya hapo hatukuanguka tena. Mwisho wa wiki ya tatu aliamka saa kumi na moja kasorobo pamoja nami, akanisindikiza mpaka mlangoni, akakaa kimya. Wiki hii nilirudi msikitini mara mbili nikamkuta bado amelala kikapuni, na bakuli la bati ndilo lililomwamsha.

Chandarua tumekishona, na kliniki imetuahidi kingine mtoto atakapozaliwa. Tumeamua kwamba chumba cha kulala kifungwe kabisa kuanzia mwezi wa nane wa mimba, ili mtoto akija paka wasimlaumu yeye kwa mlango. Safari ya Pangani imeahirishwa.

Limebaki jambo moja dogo. Nilitarajia kwamba Kibibi akinyamaza, shume wa ukutani naye ataondoka. Kwa wiki mbili hakuonekana. Sasa amerudi, na kila siku mnamo saa kumi na nusu huketi juu ya ukuta usawa wa dirisha letu na kuimba.

Daktari wa Mifugo, Morogoro:

Hongereni, hasa kwa kueleza ule usiku wa sita. Harufu ya jike aliyekuwa kwenye joto hudumu muda kidogo tu mahali alipojisugua, kwa hiyo isingemrudisha baada ya wiki mbili. Lazima kuna kitu kingine kinachomvuta hapo.

Mkaazi wa Mkunazini:

Mwanangu, huyo shume umempa chakula?

Mwalimu wa Chumbageni:

Mara moja tu, Bibi. Kichwa cha changu, tena kidogo. Alikuwa amekonda.